Notisi za Fasihi Nilizompa Mayala

"Kokulinda nani?"

"Kokulinda Ishengoma, Mwalimu."

Mwalimu Yakobo alipandisha miwani, akashusha kidole kwenye orodha iliyokuwa mezani kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia kituo tulichojisajili sisi watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima tunaosoma jioni ili tufanye mtihani wa kidato cha sita. Kidole kikafika chini. Kikarudi juu. Kikashuka tena.

"Hupo."

"Najua sipo, Mwalimu. Ndicho kilichonileta. Mchumba wangu aliniletea fomu hapa mwezi wa tisa, mimi nikiwa Muleba namuuguza mama. Baadaye akaniambia mfumo ulizingua, jina langu halikuingia. Nimekuja kuuliza kama kuna namna. Mtihani ni mwezi wa tano, na huu ni wa pili tu."

"Mchumba wako ni nani?"

"Mayala. Yule fundi wa mageti."

Aliniangalia. Kisha akainuka, akavuta faili kutoka kabatini, akalifungua mbele yangu.

"Binti, mfumo haukuzingua. Mayala alikuja na fomu mbili. Yake niliipokea. Nilipoanza kuijaza ya kwako, akanizuia. Akasema, 'Huyu muache, Mwalimu. Anajiandaa na harusi, ameamua kuahirisha.' Nikamwuliza kama una habari. Akasema mmeshazungumza. Nikamwambia basi alete barua yako. Kesho yake akaileta."

Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu. *Mimi Kokulinda Ishengoma naahirisha mtihani kwa hiari yangu.* Chini yake kulikuwa na sahihi yangu, ambayo sikuiweka mimi. Mwandiko wa Mayala ningeutambua hata ukutani kwa watu. Nimesahihisha insha zake miaka miwili.

"Hii sahihi si yangu, Mwalimu."

"Sasa naliona hilo." Akavua miwani. "Dirisha la usajili limefungwa, mwaka huu umeshakupita. Lakini huyu bwana ameghushi. Nikiandika barua leo, mtihani wake unafutwa. Niandike?"

Kalamu alikuwa ameishika tayari. Nikawaza. Wakimfuta, atasikitika wiki moja, atawaambia watu kafanyiwa fitina, na nusu ya mtaa wetu wa Mabatini watampa pole. Mimi nililia mwezi mzima kifuani kwake. Yeye ndiye alikuwa akinifuta machozi, huku akijua.

"Usiandike, Mwalimu. Nitazungumza naye mwenyewe."

Nilidanganya. Sikuwa na mpango wa kuzungumza.

Nilikutana na Mayala kwenye darasa la jioni, chumba kilicho juu ya duka la dawa pale Mabatini. Mimi msusi, miaka ishirini na saba, niliacha shule baada ya kidato cha nne baba alipofariki. Yeye ana thelathini, mtoto wa Misungwi, kidato cha sita alishafeli mara moja. Wiki ya kwanza tu tulijuana udhaifu. Mimi historia ilikuwa hainiingii. Yeye fasihi ilikuwa inampiga chenga.

"Koku, wewe unasoma historia kama orodha ya sokoni," aliniambia. "Hebu isikilize kama umbea. Mjerumani kafika kwa chifu. Chifu hajui kusoma. Anaambiwa, 'Tia kidole hapa, sisi ni marafiki tu.' Chifu anatia kidole. Asubuhi anaamka, nchi si yake. Sasa ungekuwa wewe mke wa chifu, ungesemaje?"

"Ningemwambia angeniuliza kwanza."

"Umeona? Hutasahau tena."

Na kweli sikusahau. Kwa upande wangu nilikuwa nasoma riwaya na tamthiliya, namwandikia dhamira, wahusika, na mtindo wa mwandishi. Jumatano na Ijumaa, siku za kipindi cha fasihi, yeye alikuwa kwenye kazi za kuchomelea, kwa hiyo Mwalimu wa fasihi alimwona kwa nadra. Mayala hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Alikuwa ananisoma mimi. Kutoka hapo tukapendana, akanivisha pete, dada yake Winnie akaanza kuniita wifi.

Jioni ya siku ile niliyotoka kwa Mwalimu Yakobo, kwenye simu yangu iliingia meseji.

*Mke mtarajiwa, leo nakuja na sato. Ile kazi ya fasihi umeshaifanya?*

Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Kisha nikaandika:

*Njoo. Ndiyo naianza.*

Kila mtahiniwa wa Kiswahili hupewa orodha ya vitabu teule vya fasihi. Ukijibu swali kwa kitabu ambacho hakimo kwenye orodha, hata uandike kama malaika, unapata sifuri. Mwaka ule vitabu viwili tulivyokuwa tumevisoma mwaka wa kwanza vilikuwa vimetolewa, riwaya moja na tamthiliya moja, vikaingia vingine. Mwalimu wa fasihi alilitangaza hilo Jumatano moja ya mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwepo. Mayala alikuwa anachomelea geti la mtu.

Alipofika na samaki wake alinikuta nimefungua daftari jipya, kitabu pembeni.

"Hicho si kile cha mwaka jana? Cha yule mwalimu mlevi?" akauliza.

"Ndicho. Kinatoka kila mwaka."

"Na ile riwaya mpya niliyosikia watu wakiitaja? Ya mjane sijui?"

"Ya ziada hiyo. Usijichoshe, una kazi nyingi. Shika hizi."

Akanibusu kwenye paji la uso. "Unajua Koku, mwanamke mwingine angesusa. Hufanyi mtihani, na bado unanisaidia. Nipite mimi kwanza, mwakani nitakusomesha."

"Najua," nikamwambia. "Kula samaki, anapoa."

Niliandika daftari lile kwa ustadi kuliko yote niliyowahi kuandika. Hoja zilipangika, mifano ilikuwa na kurasa zake, utangulizi na hitimisho viliandikwa vya kukariri. Kila Jumapili mchana nilikuwa namsikiliza kwenye mawe nyuma ya chumba chake, ziwa likiwa chini yetu, naye anazitaja hoja kwa kichwa, neno kwa neno.

"Dhamira kuu?"

"Ulevi wa madaraka."

"Toa hoja tano."

Anazitoa zote tano. Ninampigia makofi. Moyoni nilikuwa nahesabu siku.

Nitasema kweli, mara moja nilitaka kuacha. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Alinisimulia jinsi baba yake alivyomcheka mbele ya shangazi zake siku alipofeli mara ya kwanza, akamwita msomi wa kuchunga ng'ombe. Mayala akalia. Sijawahi kuona mwanamume mzima akilia namna ile, bila kuficha uso.

"Koku, nikifeli tena sijui nitamtazama vipi yule mzee."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari: Mayala, hicho kitabu hakimo. Bado una wiki nne, tusome upya. Simu yake ikaita. Akafuta uso, akaangalia.

"Winnie huyu. Nakuja."

Akasogea nyuma ya jiwe. Alidhani jiwe linazuia sauti.

"Ehee... Hapana bwana, chuo haendi. Chuo anakwenda mtu mmoja. Mimi nikiwa huko, yeye anakaa na mama hapo Misungwi, anamsaidia shamba... Atakubali tu, si ananipenda?... Lile nilishalimaliza zamani, Winnie. Hajui kitu. Anaendelea kunifundisha hadi leo." Akacheka.

Akarudi macho bado mekundu.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Nilitaka kukwambia rudia hoja ya tatu. Uliiruka."

Mtihani wa fasihi ulipofanyika mwezi wa tano, nilimsubiri nje ya geti la kituo. Alitoka anakimbia.

"Koku! Nimeandika mpaka nikaomba karatasi za nyongeza! Yote uliyosema, kama yalivyo!"

Nilimkumbatia mbele ya watu. Mwalimu Yakobo alikuwa amesimama barazani. Tulitazamana. Mimi ndiye niliyeangalia chini kwanza.

Matokeo yalitoka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saluni ikiwa imejaa. Mteja wangu Mhoja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Mayala akaingia bila kupiga hodi, simu mkononi.

"Koku, yametoka."

"Umepata nini?"

"Historia B. Jiografia S." Akarudisha macho kwenye simu. "Kiswahili F."

"Pole, shemeji," Mhoja akasema.

"Haiwezekani! Wamechanganya karatasi hawa. Nakata rufaa. Naomba lile daftari, nikawaonyeshe kwamba nilijiandaa."

"Usikate rufaa, Mayala. Utapoteza muda wako."

"Kwa nini?"

Nikaweka kitana chini. Miezi mitano nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo, nikifua, nikipika, nikisuka watu.

"Kwa sababu vitabu nilivyokufundisha vilitolewa kwenye orodha."

Hakuelewa mara moja. Nikamwona akitafuta maana.

"Kwa hiyo... hata wewe hukujua?"

"Nilijua tangu siku ile umekuja na sato. Niliandika ukurasa wa kwanza nikijua."

Mtu mmoja akazima drayer.

"Koku. Unanitania."

"*Mimi Kokulinda Ishengoma naahirisha mtihani kwa hiari yangu.* Mimi natania? Sahihi yangu uliifanyia mazoezi mara ngapi?"

Uso wake ukabadilika. Akatazama wateja, akatazama mlango, akanirudia mimi.

"Nani amekwambia?"

"Nimeiona kwa macho yangu. Iko kwenye faili. Mwalimu Yakobo alitaka akufute siku ileile, nikamkatalia. Nilitaka uende. Nilitaka usubiri matokeo kama mimi nilivyosubiri jina langu."

"Niliogopa!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hadi Mhoja akashtuka. "Ungenizidi, Koku! Darasa zima lilikuwa linajua. Ungekwenda chuo, ungekutana na wasomi wenzako, Wahaya wenzako. Mimi ni nani? Fundi wa mageti!"

"Kwa hiyo nibaki mimi, nilime na mama yako."

"Ningekusomesha baadaye."

"Winnie hukumwambia hivyo. Siku ya Pasaka, nyuma ya jiwe. Nilikusikia ukicheka."

Akakaa kwenye benchi la wateja kama mtu aliyekuja kusukwa. Akajaribu kutisha kidogo.

"Hili nitakushtaki. Umeniharibia maisha."

"Nishtaki. Tutaanzia kwa Mwalimu Yakobo, sote wawili."

Sitawadanganya. Nilisikia raha. Nikavua pete, nikaiweka juu ya benchi pembeni yake, nikachukua kitana changu.

"Ukitoka, funga mlango. Vumbi linaingia."

Akaichukua pete. Akainuka taratibu. Alipofika mlangoni akageuka, na safari hii hakuwa na hasira.

"Na Gladness je?"

"Gladness kafanya nini?"

"Mtoto wake alianza kuugua mwezi wa kwanza, akalazwa wa nne, alikosa vipindi vyote vya fasihi. Akaniomba notisi. Nilizipiga picha zako, ukurasa kwa ukurasa, nikamtumia kwa WhatsApp." Akanitazama. "Naye amepata F, Koku. Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Analia."

Akaondoka. Mlango aliufunga.

Mhoja akageuza kichwa chake nusu. "Gladness ndiye nani?"

Nikamsuka nusu iliyobaki, kisha nikatoka kwenda kwa Gladness.

Dada Gladness alikuwa mkubwa kuliko wote darasani kwetu, miaka thelathini na tisa. Mpishi wa shule ya msingi. Miaka tisa alikuwa anawapikia uji watoto na chai walimu, akiwa na ndoto moja tu, awe mwalimu kwenye shule ileile. Mume alishaondoka zamani. Nilimkuta uani kwake anafua sare za watoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umesikia? Nimechemka." Akajaribu kutabasamu. "Kiswahili chenyewe! Nilikuwa nasema Kiswahili ndiyo kitanibeba."

"Dada, notisi ulizosoma nilizipindisha mimi."

Akaacha kukamua shati.

Nikamweleza yote, kuanzia kwenye faili la Mwalimu Yakobo mpaka saluni asubuhi ile. Nilisema haraka, nimesimama. Hakunikaribisha kiti na sikukitafuta.

"Kwa nini hukuniomba mimi?" nikamaliza nikilia. "Mimi ndiye niliyekuwa naziandika. Ungeniomba mimi ningekupa za kweli!"

"Niliona aibu," akasema. "Wewe jina lako lilikuwa halipo. Nikasema, nikimwomba huyu binti notisi za mtihani asioufanya, nitamtonesha kidonda. Nikaenda kwa mchumba wako."

Nikakaa chini, pale pale kwenye maji ya sabuni.

"Mayala alikuchukulia mwaka," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Ni kweli, ni ubaya mkubwa. Mimi nilikuchukulia nini, Koku?"

"Hakuna, dada."

"Nilikuwa nasoma hizo picha wodini, mtoto ana dripu mkononi. Taa hafifu. Nazikuza kwa vidole. Nikawa nasema, Mungu ambariki aliyeandika, amepanga vizuri."

"Nisamehe."

"Hapana." Akalikamua shati mpaka likakauka. "Pole yako siitaki. Jumatatu ukitoka saluni uwe hapa saa kumi na moja. Jumanne pia. Kila siku hadi mtihani. Na vitabu uje navyo, vyenyewe, si daftari lako."

Wiki ile Mayala alinitumia meseji nyingi. Za kwanza zilikuwa matusi. Kisha zikaja za kubembeleza. Ya mwisho ndiyo niliyoijibu.

*Tumelipizana Koku. Wewe umenifanyia, mimi nimekufanyia, tuko sawa. Bado nakupenda. Njoo tufunge ndoa tusahau.*

Nikamwandikia:

*Ni kweli tuko sawa, na ndicho kinachoniogopesha. Nilikaa na wewe nikafanana na wewe. Usinitafute tena.*

Alihamia Busisi, nikasikia anachomelea huko. Wengine wakasema alirudia mtihani, wengine wakasema hapana. Sikuuliza.

Mwezi wa tisa nilijaza fomu yangu kwa mkono wangu, nikasimama kwenye meza ya Mwalimu Yakobo mpaka jina langu na la Gladness yakaingia, nikaomba aniruhusu niyasome kwenye kompyuta yake. Alisogeza kiti tu.

Na kila jioni nilikwenda. Gladness alinipangia kigoda uani, yeye kwenye ngazi, riwaya katikati yetu. Hakuniita mdogo wangu tena. Aliniita Kokulinda. Alinisomesha kama nilivyomsomesha, maana historia nilikuwa nimeachwa bila wa kunisimulia.

"Majimaji ilianza lini?"

"Elfu moja mia tisa na saba."

"Ilikwisha huo. Ilianza na tano. Rudia."

"Tano."

"Nani alijinyonga kwenye hii tamthiliya, na kwa nini?" nami nikamrudishia.

"Hakujinyonga mtu. Unanitega."

"Nilikuwa nahakikisha umesoma."

"Usinitege tena, Kokulinda," akasema, na macho yake yakanifanya niombe radhi kwa sauti.

Mwezi wa tano tukafanya mtihani, yeye dawati la pili, mimi la saba. Siku ya fasihi alitoka kabla yangu. Hakunisubiri.

Mwezi wa saba, nikiwa nasuka, simu ikaita mlio wa meseji. Nilimwomba mteja samahani.

*Kiswahili B. Historia C. Jiografia D. Wewe?*

Ilinichukua muda kuandika, vidole vilikuwa na mafuta ya nywele, na macho hayakuwa yanaona vizuri.

*Kiswahili A. Historia B. Jiografia C. Hongera sana dada yangu.*

Nikadhani ndiyo mwisho. Nikarudi kwenye kichwa cha mteja, nikasuka mistari mitatu, ndipo ikaingia nyingine.

*Sijakusamehe bado. Usije ukadhani. Ila Jumatatu njoo tujaze fomu za chuo cha ualimu, mimi hiyo mitandao siiwezi. Njoo mapema, nitapika ndizi.*

Jumatatu nilifunga saluni. Saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwake, napiga hodi.